Mpiga Gitaa wa Mkono wa Kushoto

Kijiti hakuweza kukaa bila kupiga kitu. Asubuhi alipiga sufuria, shuleni alipiga dawati, na mezani alipiga sahani kwa vijiko mpaka mama yake, mshonaji, akamwambia, "Mwanangu, acha chakula kipumzike." Jambo moja tu hakuthubutu kuligusa: kumuuliza mama baba yake ni nani.

Jumamosi moja, akitafuta uzi kabatini, alikuta picha. Mama yake, bado msichana, alikuwa jukwaani na bendi ya muziki wa roki, wote wamevaa nguo alizowashonea. Mbele alisimama mpiga gitaa mwenye nywele ndefu, akicharaza nyuzi kwa mkono wa kushoto. Kijiti naye alitumia kushoto. Kwake kesi ilikuwa imekwisha: huyo ndiye baba yake.

"Mama, naenda masomo ya ziada ya hesabu," alidanganya, kisha akapanda basi hadi ukumbi ulioandikwa nyuma ya picha, ulioko nyuma ya soko la mji jirani, ambako bendi ile bado ilifanya mazoezi.

Nywele za mpiga gitaa zilikuwa zimekwisha kuhama, na kitambi kimehamia. Alimsikiliza Kijiti, akaitazama picha, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua gitaa na kulicharaza kwa mkono wa kulia.

"Picha ilisafishwa kinyume, kijana. Tazama jina la bendi kwenye ngoma."

Kweli, herufi zote zilikuwa zimegeuka. Kijiti alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwa aibu, vidole vyake vikaanza kupiga spika iliyokuwa karibu.

Upande wa pili wa spika ile alikuwa ameinama fundi wa spika mwenye kipara, mpiga ngoma wa zamani ambaye kelele za jukwaani zilimharibia masikio. Alihisi mdundo kwenye mbao, akaujibu kwa bisibisi, mkono wa kushoto. Mpiga gitaa akaacha kucheka. Akaitazama tena picha: sura ya mpiga ngoma ilifichwa na sahani ya shaba ipigwayo pamoja na ngoma, lakini mkono wa mama yake Kijiti ulikuwa begani kwake.

"Muulize huyu," mpiga gitaa alimwambia Kijiti taratibu. "Ila paza sauti."

"Natafuta baba yangu," Kijiti alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Natafuta baba."

"Sikusikii, mwanangu."

"NATAFUTA BABA YANGU!"

Wauza nyanya nje waligeuka. Kijiti akamnyooshea fundi picha, na bisibisi ikamponyoka.

"Mama yako alihama bila kuniambia ana mimba," fundi alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilimtafuta sana. Anajua uko hapa?"

Kijiti alitikisa kichwa.

"Basi twende ukamwambie."

Mama alikuwa kwenye cherehani. "Hesabu zimekwendaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sikwenda, mama. Nilikudanganya."

Mama aliinua uso, akamwona fundi mlangoni. Cherehani ikanyamaza.

"Niliogopa kuulizwa miaka yote hii," alisema. "Mimi nilificha, wewe ukadanganya. Tumekosea wote wawili. Mtu akitaka kuambiwa ukweli, aanze yeye kuusema."

"Anasemaje?" fundi aliuliza, mkono sikioni.

"Mwambie," mama alimwamuru Kijiti, akijizuia kucheka. "Kwa sauti."

"ANASEMA NILIDANGANYA! MTU AKITAKA UKWELI, AANZE YEYE KUUSEMA!"

Mtaa mzima ulisikia.

"Rudia," akasema baba yake, ingawa safari hii alikuwa amesikia vizuri.