Nyumba ya Bwanausi Haina Ghorofa

Pale Kerege, nyumba ya Bwanausi haipotei machoni. Ukiacha barabara ya Bagamoyo na kuingia ndani kidogo, unaiona. Chini ni nyumba kamili, ina vyumba vitatu, sebule na baraza. Juu yake limemwagwa zege, lile ambalo mafundi huliita slabu. Juu ya slabu zimesimama nguzo fupi, na nondo zimechomoza kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Ngazi ya saruji inapanda kwa nje. Ukiipanda mpaka mwisho, hukuti ukuta, wala dirisha, wala paa.

Bwanausi ni seremala. Anatengeneza vitanda na milango. Mkewe, Yasmini, anagandisha barafu za ukwaju na ubuyu, anawauzia wenye maduka. Asubuhi randa ya umeme inanguruma uani, na jikoni redio inaimba. Basi hapo ndipo maneno yao huanzia.

"Baba Amal, hebu zima randa kidogo. Sisikii redio!"

"Redio haina jipya, mke wangu. Nisikilize mimi."

"Wewe nimekusikiliza tangu nina meno yote!"

Bwanausi hucheka mpaka vumbi la mbao linampalia.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikumchekesha. Yasmini alikulia Bagamoyo mjini, kwenye nyumba ya ghorofa ya baba yake, Mzee Muhanna, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Bwanausi alipokwenda kuposa, alikuwa kijana wa Kerege, mtoto wa mkulima. Alisema mbele ya wazee, "Inshallah, nitamjengea Yasmini ghorofa kama hii." Miaka ilipita. Alijenga chini, akamwaga slabu, akasimamisha nguzo. Kisha mgongo ukamshika. Fedha za matofali zikaenda hospitali. Mgongo ulipona, Alhamdulillahi, lakini ujenzi ulibaki pale pale. Kila alipoziangalia zile nondo, alihisi kama zinamchoma yeye.

*

Wakati mmoja walikwenda Mapinga kwa binti yao, Amal, aliyekuwa amejifungua. Wakakaa kumsaidia mpaka arobaini ikatimia. Waliporudi nyumbani, Yasmini alinunua umeme kwa simu. Alikuwa na kazi kubwa. Jirani alikuwa anamwoza binti yake, na barafu za harusi zote zilikuwa za Yasmini. Friza ilijaa mpaka mfuniko haufungi vizuri.

Siku iliyofuata kulikuwa na maziko Mapinga. Wakaondoka asubuhi wote wawili. Waliporudi alasiri, walikuta maji mekundu ya ubuyu yametapakaa jikoni hadi sebuleni. Umeme ulikuwa umekwisha.

Yasmini alisimama mlangoni, mkono kinywani. "Haiwezekani! Nimenunua jana tu!"

Bwanausi aliweka viatu pembeni. Alichukua dekio, akakunja suruali, akaanza kufuta. Yasmini naye akachukua tambara. Wakafuta mpaka sebuleni. Harusi ya watu ilikuwa kesho, na barafu zote zilikuwa sakafuni.

Walipomaliza, Yasmini alifungua ujumbe wa simu ulioleta ule umeme. Safari hii aliusoma wote. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekatwa kwa kodi ya jengo. Mwezi waliokuwa Mapinga hawakununua umeme, kwa hiyo kodi ya mwezi ule nayo ilikuwa imesubiri. Uniti zilizobaki zilikuwa chache sana.

Akampigia Amal.

"Mwanangu, wewe hukatwa kodi ya jengo ukinunua umeme?"

"Nakatwa, mama. Kila mwezi. Lakini kidogo tu."

Amal alitaja kiasi. Yasmini akatazama tena ujumbe wake. Yeye alikuwa anakatwa mara kadhaa ya kile cha Amal.

"Sasa mbona sisi hivi?"

"Mama, mimi nyumba yangu ya kawaida. Labda ya kwenu imeandikwa ghorofa."

Bwanausi alikuwa anasikia. Aliposikia neno ghorofa, uso ulimkunjuka kidogo, kama mtu aliyesifiwa bila kutarajia. Yasmini aliliona hilo. Aliyaona mengi ya mumewe bila kuambiwa.

"Tulipe tu, Mama Amal," Bwanausi akasema.

"Tulipe? Tunalipia chumba gani huko juu? Analala nani?"

"Nimesema tulipe! Itakuja kujengwa!"

Akatoka, akaenda kwenye mbao zake. Lakini randa haikunguruma jioni ile.

*

Yasmini hakupenda kugombana. Hakupenda pia kunyamaza. Kwanza aliomba nafasi kwenye friza ya jirani, akagandisha upya barafu alizoweza. Zilitosha nusu ya wageni. Bibi harusi hakulalamika, lakini Yasmini aliona aibu.

Harusi ilipopita, akaenda kwa Arafa. Arafa alikuwa mtendaji wa kijiji, na nyumba yake haikuwa mbali. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfuata nyumbani.

"Shikamoo, baba," Arafa alimwamkia Bwanausi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Najua umeletwa na nani."

"Nimekuja kunywa chai, baba. Na nimeletwa na mama."

Bwanausi akacheka bila kutaka. Akavuta kigoda, akaketi.

Arafa alieleza polepole. "Kodi ya jengo ni haki ya serikali. Inakatwa tunaponunua umeme, ndiyo maana wengi hawaioni. Nyumba ya kawaida ina kiasi chake. Nyumba ya ghorofa ina kiasi kikubwa zaidi. Viwango hubadilika, kwa hiyo ni vizuri kuulizia ofisi ya kodi wilayani. Sasa, aliyeandikisha nyumba hii pengine alipita nje tu, na nyie hampo. Akaona ngazi, akaona nguzo. Ungekuwa wewe ungeandika nini?"

"Ningeandika ghorofa," Bwanausi alikubali.

"Basi. Hakuna aliyekuonea. Ni kosa la macho, na kosa linarekebishwa. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba nyumba yake ikaguliwe upya."

"Kuna mtu aliniambia ataniunganishia umeme usipite kwenye mita," Bwanausi alisema kwa sauti ndogo. "Nilimfukuza."

"Ulifanya vyema, baba. Huo ni wizi, tena unachoma nyumba na watu wake. Na wala usiache kununua umeme ukidhani kodi itakusahau. Umeona mlipokaa Mapinga: ilisubiri."

Bwanausi alizungusha kikombe mkononi. "Arafa, mwanangu. Nikiandika kwamba sina ghorofa, kijiji kizima kitajua."

"Baba," Arafa akasema kwa upole, "kijiji kizima kinapita hapa kila siku."

Yasmini akainamia kikombe chake ili asicheke. Bwanausi alimwona. Akatikisa kichwa, akauliza, "Haya. Natakiwa nini?"

Haikuwa kazi ngumu. Arafa alimwambia aandike barua ya kuomba marekebisho, aweke namba ya mita, nakala ya kitambulisho na ya mkataba wa kiwanja. Wapige picha za nyumba kila upande, na ya juu pia. Yeye Arafa angetoa barua ya serikali ya kijiji kuthibitisha kwamba Bwanausi ni mkazi na nyumba ni yake.

"Na mkifika ofisini wilayani, msiache barua mkaondoka hivi hivi. Kuweni na nakala yenu. Ombeni igongwe muhuri kwamba imepokelewa. Siku mkiulizia, mtakuwa na cha kuonyesha."

Bwanausi aliandika barua. Aliandika kwamba nyumba ina slabu na ngazi. Hapo kalamu ikasita. Hakuandika zaidi ya hapo. Yasmini aliisoma, akaona haisemi kwamba ghorofa hakuna, akaikunja hivyo hivyo.

Walikwenda Bagamoyo mjini pamoja. Bwanausi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, kama anakwenda kuposa tena. Mwenye zamu ofisini aliwapokea vizuri. Akasoma, akagonga muhuri kwenye nakala yao.

"Atakuja mkaguzi," alisema. "Kwa sasa endeleeni kulipa kama kawaida. Mkiona kimya kimezidi, rudini na nakala hii."

Kimya kilizidi kweli. Yasmini alirudi na nakala yake, akauliza kwa adabu, akaambiwa zamu ya Kerege inakaribia. Hakupayuka, hakukata tamaa. Na kila aliponunua umeme, alisoma ujumbe wote, neno kwa neno.

*

Mkaguzi alikuja asubuhi moja. Jina lake Farhan, kijana mtaratibu, kofia kichwani. Alizunguka nyumba, akahesabu vyumba, akapiga picha. Kisha akasema, "Tupande juu, mzee."

Wakapanda wote watatu. Juu kulikuwa na kamba ya nguo, mkeka wenye vipande vya mihogo vinavyokauka, na ndoo ya mbilimbi zilizotiwa chumvi. Upepo ulikuwa mzuri.

Farhan alitazama nguzo. "Mzee, barua yako inasema kuna slabu na ngazi. Haisemi zaidi. Nikuulize wazi ili niandike sawasawa. Hii ni nyumba ya ghorofa?"

Bwanausi alifungua mdomo. Alitaka kusema bado inajengwa. Alitaka kusema mwakani, inshallah. Akamtazama Yasmini, aliyekuwa anageuza mihogo yake kama hasikii. Akaikumbuka siku aliyofuta sakafu pamoja naye, na uso wake ulivyokuwa.

"Hapana," akasema. Akaishika nguzo iliyo karibu. "Hapana, bwana mkaguzi. Ghorofa hakuna. Nilitaka kuijenga, sikuweza. Tunaishi chini tu. Huku juu haishi mtu."

Farhan akaandika. "Ahsante, mzee. Umenirahisishia kazi. Ukija kujenga siku moja, toa taarifa, ibadilishwe. Na ukifika miaka sitini, ukiwa unaishi mwenyewe hapa, ulizia tena ofisini. Wazee wana msamaha wao kwa nyumba wanayoishi."

"Sitini bado kidogo," Bwanausi akasema. "Usinizeeshe."

Farhan akacheka, akaaga, akashuka.

Bwanausi alibaki amesimama kati ya nguzo zake. Yasmini akaacha mihogo, akamsogelea.

"Nisamehe," Bwanausi akasema. "Nilimwahidi baba yako."

"Ulimwahidi nini?"

"Ghorofa. Siku ya posa. Ulikuwa nyuma ya pazia, ulisikia."

"Nilisikia," Yasmini akasema. "Na nilisikia swali la baba pia. Alikuuliza kama utanitunza. Basi. Ghorofa uliileta mwenyewe, hakuna aliyekuomba."

Bwanausi akamkodolea macho.

"Na nikwambie jingine," Yasmini akaendelea. "Ile nyumba yetu ya mjini, maji yalikuwa chini na jiko lilikuwa juu. Unafikiri nani alikuwa anapandisha ndoo? Uliposema utanijengea ghorofa kama ile, nilikaa nyuma ya pazia nikajisemea, masikini mimi, ngazi tena!"

"Na kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaipenda sana ghorofa yako, Baba Amal. Ningekuvunjaje moyo?"

Bwanausi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya zege. Yasmini akaketi kando yake, naye anacheka, anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja wake aliinua kichwa, akashangaa wamepatwa na nini.

*

Marekebisho yalichukua muda, lakini yalifanyika. Yasmini alinunua umeme, akausoma ujumbe, akausoma tena. Kodi ya jengo ilikuwa kama ya Amal. Kuhusu kile walichokatwa zaidi huko nyuma, Arafa aliwasaidia kuandika ombi jingine, na hilo likaendelea kushughulikiwa. Friza ikajaa barafu. Yasmini akampelekea bibi harusi yule bakuli zima, bila kumtoza kitu.

Kisha ukaja mkutano wa kijiji. Watu walikaa kwenye uwanja wa shule. Arafa alizungumzia kodi ya majengo, akaona nyuso nyingi zimekunjamana. Akamtazama Bwanausi.

"Baba, ungetusimulia yako?"

Bwanausi hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Hata hivyo alisimama, akarekebisha kofia yake.

"Mimi ni Bwanausi, seremala. Wote mnaijua nyumba yangu. Kwenye kodi iliandikwa ghorofa. Nikalipa, kwa sababu niliona aibu kusema kweli. Kodi nalipa, na nitaendelea kulipa. Lakini nalipa ya nyumba niliyo nayo, si ya nyumba ninayoitamani. Kwa hiyo nasema mbele yenu wote: nyumba yangu haina ghorofa!"

Kutoka upande wa wanawake, sauti ya Yasmini ikapaa juu ya zote.

"Na mwenyewe nimeridhika!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele. Bwanausi aliona haya, akataka kuketi haraka. Lakini bibi mmoja mjane, aitwaye Mwanaasha, alimshika mkono.

"Usikae kwanza, mwanangu," alisema. "Mimi nina mita mbili kwenye nyumba moja, na naona nakatwa kote kuwili. Huko ofisini mnaingilia mlango gani?"

"Nitakupeleka, bibi," Bwanausi akasema. "Kesho asubuhi. Chukua kitambulisho chako."