Kitambulisho cha Petronila

Kila asubuhi Petronila Caal alimwachia mlinzi wa geti kitambulisho chake, kisha akaingia mtaa wa matajiri kufua nguo. Jioni alikichukua. Wafanyakazi wote wa majumbani pale Jiji la Guatemala walifanya hivyo, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumatano moja mlinzi, Elmer, alichungulia kikapu cha Petronila, chenye tamale, mikate ya unga wa mahindi iliyopikwa ndani ya majani.

"Tamale hizo zinanukia, mama. Niachie mbili."

"Ni chakula changu cha mchana."

"Haya. Tutaonana jioni."

Jioni Elmer alijifanya hamjui. "Kitambulisho gani? Mimi sikupewa kitu."

"Nimekupa mkononi asubuhi."

"Unaniita mwizi? Toka hapa." Akaipapasa bunduki yake.

Petronila alirudi nyumbani. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kumwandikisha binti yake sekondari, na bila kitambulisho cha mzazi shule haimpokei mtoto. Mtoto akose mwaka mzima kwa sababu ya tamale mbili?

"Kesho nitamwomba msamaha," alimwambia jirani yake, Otilia. "Nimpelekee tamale kumi."

Otilia aliwahi kuwa mlinzi wa benki miaka sita. Aliposikia hayo aliwaka.

"Msamaha wa nini? Mlinzi akitazame kitambulisho, aandike jina, akurudishie palepale. Kukishikilia hana ruhusa. Na bunduki hakupewa ya kutishia wafua nguo."

"Nimempigia simu mwenye nyumba ninayofulia, kasema mlinzi si wake, ni wa kampuni."

"Na kampuni itakuambia nenda kwa mwenye nyumba. Ndivyo wanavyotupiga chenga. Lakini kampuni ina leseni ya serikali, na ofisi iliyoitoa hupokea malalamiko. Beji yake namba ngapi?"

Petronila hakujua. Miaka minne alimkabidhi jina lake mtu ambaye hata namba yake hakuwahi kuisoma.

Alhamisi aliisoma kifuani pa Elmer, kwa sauti, mbele ya wenzake wawili: mia nne kumi na saba. Otilia alimsaidia kuandika siku, saa, namba, jina la kampuni na mashahidi. Wakapeleka barua kwenye ofisi iliyotoa leseni, wakadai nakala yenye mhuri, wakagoma kuondoka mpaka wapewe mkaguzi.

Ijumaa asubuhi mkaguzi aliifungua droo ya Elmer pale getini. Mlikuwa na vitambulisho thelathini na kimoja, cha Petronila kikiwa chini kabisa. Aliyaita majina palepale barabarani, na wanawake wakatoka majumbani na mapovu mikononi. Elmer aliondolewa, na kampuni ikaitwa kujibu.

Saa tano Petronila alimwandikisha binti yake.

Jumatatu mlinzi mpya alinyoosha mkono. "Kiache hapa, mama."

Petronila alikishika kitambulisho mbele ya macho ya mlinzi, hakukiachia.

"Soma, andika, nipishe. Na wewe, baba, namba yako ngapi?"