Swali Ambalo Tiyanjane Hakuuliza

Tangu wafike Kisiwa cha Msumbiji, asubuhi zao zilikuwa za namna moja. Mama alikunja mashuka, Limbani alitafuta kandambili zake, na Tiyanjane alichukua kikapu kwenda sokoni. Walikuwa wametoka Zomba, Malawi, kwa sababu Mama aliapa kwamba wanawe hawatamaliza shule ya msingi bila kuona bahari. Walipanga chumba kwa Dona Muanacha, mjane aliyekimbilia Malawi wakati wa vita vya kwao na ambaye bado alizungumza Kichewa vizuri.

"Leo tunaenda kuona ngome," Mama alisema siku ya tatu. "Lete mkate, ndizi na kitu cha kutafuna. Chakula usichokijua, uliza. Lugha ikikushinda, rudi umwulize Dona Muanacha. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Mimi si mtoto."

"Una miaka kumi na miwili. Ni mtoto. Nenda."

Sokoni, Tiyanjane aliona mihogo mibichi, minene, imetoka shambani asubuhi ile. Zomba watu huitafuna mibichi barabarani, kama miwa. Alichagua mitatu. Mwanamke aliyekuwa akiuza alisema maneno mengi, akatikisa kidole, kisha akaonyesha makopa, vipande vya mihogo mikavu, yaliyoanikwa kwenye mkeka kando yake.

"Huyu naye! Anataka ninunue na makopa," Tiyanjane alijisemea. Alimkumbuka Dona Muanacha, lakini nyumbani kulikuwa mbali na jua lilishapanda. Alilipa, akaondoka. Mwanamke alimwita tena kwa sauti. Hakugeuka.

"Mihogo?" Mama aliuliza, akiinusa. "Umeuliza kama ya hapa inaliwa mibichi?"

"Nimeuliza."

Mama aliimenya, akaiosha, akaifunga kwenye kitambaa.

Ngomeni, Limbani, mwenye miaka sita, alipanda juu ya kila mzinga na kulipua meli zote za baharini kwa mdomo wake. Mama aliposhuka kutazama kanisa dogo lililo chini ya ukuta, watoto walikaa kivulini na kufungua kitambaa.

"Dada, huu mchungu."

"Acha kudeka. Kula."

Tiyanjane aliuma wa kwake mara moja, akautema. Kweli ulikuwa mchungu. Aliurudisha kitambaani. Limbani alikuwa na njaa na hakutaka kuitwa mdeka, basi akamaliza mmoja na nusu.

Kabla ya adhuhuri alishika kichwa na kutapika. Alipojaribu kusimama, miguu ilikataa. Pumzi zilimtoka kwa haraka, kama mtu aliyekimbia. Mama alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, Tiyanjane akatumwa kumwita Dona Muanacha aje kutafsiri.

Nesi alimchoma Limbani kidole kupima malaria, akamwuliza Dona Muanacha jambo.

"Anauliza amekula nini," alisema Dona Muanacha.

"Mkate, ndizi, mihogo," Mama alijibu. "Mihogo haina neno, binti yangu aliulizia. Hii ni malaria tu, mwaka jana ilimshika hivi hivi."

Tiyanjane alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza. Pengine ilikuwa malaria kweli. Kisha kitandani mikono ya Limbani ilianza kukakamaa na macho yake yakageuka meupe.

"Sikuuliza!" Tiyanjane alipiga kelele. "Mama, sikuuliza! Alisema ni michungu, nikamwambia ale!"

Dona Muanacha alimshika bega. "Ilikuwa mibichi? Kando yake kulikuwa na makopa?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu! Ile ni ya kuloweka, mwanangu. Siku tatu majini, kisha jua, kisha kinu. Ikiliwa mibichi ni sumu."

Alimgeukia nesi na kumweleza kwa haraka. Nesi alisukuma kando kifaa cha malaria, akamvalisha Limbani barakoa ya hewa ya mtungi, akapiga kelele gari liletwe. Limbani alipelekwa hospitali kubwa ya bara, ng'ambo ya daraja la kisiwa.

Siku ya pili alifumbua macho. Daktari alisema angechelewa kufikishwa kidogo tu, asingepona. Tiyanjane alimletea kikombe cha uji. Limbani aligeuza uso ukutani.

"Sitaki. Mama anipe."

Mama alichukua kikombe, akamlisha kijiko kwa kijiko mpaka kikaisha. Ndipo akamgeukia Tiyanjane, aliyekuwa akilia mlangoni.

"Futa machozi unisikilize. Kutouliza ni uvivu, na uvivu kila mtu anao, hata mimi. Lakini uliposema umeuliza, ulinifumba macho. Niliimenya ile sumu kwa mikono yangu. Kituoni nilimwapia nesi kwamba mihogo haina neno, na nusura aniamini. Uvivu wako ulimwumiza mdogo wako. Uongo wako ulikaribia kumwua."

"Nilisema ukweli, Mama."

"Ulisema, na ndiyo maana yuko hai. Nakushukuru kwa hilo. Lakini ukweli ule ulikuwa wa kusemwa asubuhi, nyumbani, wakati mihogo ingali kikapuni. Pale ungekugharimu kurudi sokoni tu."

"Atakula tena kutoka mkononi mwangu?"

Mama alimtazama Limbani, aliyekwisha kulala.

"Sijui," alisema. "Kesho mletee tena. Akikataa, keshokutwa mletee tena."