Sahani Mpya ya Alphonse

Nyumba ya Constance iko katika mtaa wa Ruashi. Ina ngazi tatu mbele ya mlango. Kila jioni Constance hupika bukari, ugali wa kwao, huku akisikiliza viatu vya mumewe, Alphonse. Hupanda ngazi ya kwanza. Hupanda ya pili. Kisha husimama, akihema.

Hapo Constance husahau mwiko mkononi. Mwezi wa sita Mwaba, kaka yake Alphonse, alianguka kwa shinikizo la damu. Mpaka leo hukaa kitini tu, na mkono wake wa kuume haushiki hata kikombe. Na Alphonse ni mzito kuliko Mwaba.

Daktari alimwambia Alphonse ameze dawa ya shinikizo la damu kila siku na apunguze uzito. Constance akaona hiyo ni kazi yake. Akaacha kupika samaki na nyama, maana aliamini hivyo ndivyo vinavyonenepesha. Bukari hakuipunguza. Mke gani anamnyima mumewe bukari? Alimtengea mabonge mawili, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyojaa mafuta ya mawese. Alphonse alimaliza yote, na baada ya muda mfupi akaomba mkate.

Mwezi ukapita. Mizani ya kituo cha afya ikaonyesha kilo mia moja kumi na mbili. Zilikuwa zimeongezeka tatu! 

Émerance, jirani yao, ni muuguzi hapo. Jioni alikuja kwao, akafunua sufuria.

"Mama Constance, samaki iko wapi?"

"Niliacha kupika. Si njo inanenepesha?"

"Aba! Hapana. Bukari mingi na mafuta mingi njo binaongeza kilo. Samaki, maharagi, kuku bila ngozi, ile njo inashibisha muntu. Hatasikia njala mbio."

Émerance alichukua sahani tupu. Kwa kidole alionyesha nusu yake: lengalenga, yaani mchicha, ya kuchemsha. "Hapa, samaki ya kuchoma," alisema. "Na hapa bukari, kama ngumi yake. Mafuta, kijiko moja tu mu sufuria yote. Chumvi kidogo. Na dawa ya tansio, asiache hata siku moja."

Kesho yake Alphonse aliitazama sahani. Kwao, mke akipunguza bukari, ana hasira.

"Mama, hii bukari ya mutoto? Nilikosa nini?"

"Haukukosa, Papa. Minaogopa." Machozi yalimtoka Constance. "Minaona Mwaba mu kiti, minaona weye. Sitaki kukulisha na kijiko."

Alphonse alivuta sahani. Kisha akala, akamaliza samaki, akabakiza miiba tu. Mkate hakuomba.

Wakaendelea hivyo, leo samaki, kesho maharagi, kuku Jumapili, siku ya Mungu. Baada ya miezi mitatu zilikuwa zimepungua kilo sita. Lakini hofu ya Constance haikupungua pamoja nazo. Kila jioni bado alisikiliza.

Jana alikuwa anageuza samaki juu ya makaa. Akasikia viatu. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Constance akabana pumzi, akingoja asimame.

Mlango ukafunguka.

"Mama, minasikia arufu ya samaki," Alphonse alisema. Hakuwa anahema.

Constance alilia hapo hapo, mwiko mkononi, na samaki akaungua upande mmoja. Walimla hivyo hivyo.