Siku Tatu na Jina la Nathanaël

— Leo sitakuchoma, Antoine alisema. Sindano iko, wino iko, lakini leo hapana.

Lucienne alikuwa amekwisha kukunja mkono wa blauzi mpaka begani. Alikaa kwenye kigoda mbele ya karakana ya Antoine, yule mchoraji wa vibao vya maduka ambaye Bunia nzima ilijua kwamba huandika pia kwenye ngozi za watu. Chombo chake kilikuwa sindano tatu za kushonea zilizofungwa pamoja kwa uzi, na wino wake masizi ya taa ya petroli.

— Kwa nini hapana?

— Ni tatuaje yako ya kwanza?

— Ya kwanza.

— Basi. Mutu wa mara ya kwanza namuandikia na kalamu ya Bic. Anatembea na jina siku tatu. Anafua nayo, anapika nayo, mama yake anaiona. Kama siku ya tatu angali anaitaka, anarudi tunachoma. Asubui hiyo unakula vizuri, unaosha mukono na sabuni, na pombe hapana.

— Mimi sinywi.

— Vizuri. Jina gani?

— Nathanaël.

Antoine akaandika taratibu, kwa mkono uleule mzuri wa vibao vyake.

— Na iko wapi, huyu Nathanaël?

— Beni. Tangu mwezi wa nane.

Antoine hakuuliza kabila. Ilikuwa Februari ya 2003, na mtu aliyetoka Bunia mwezi wa nane uliopita alikuwa amejieleza tayari. Wenye bunduki waliwafukuza watu wa kwao mtaa kwa mtaa, na Nathanaël, mwalimu wa hesabu aliyekuwa amepanga kumwoa Lucienne mwezi uliofuata, alitoka kwa miguu na vitabu viwili na suruali moja.

— Nikipata nyumba nitakuita, alimwambia siku ile. Uningoje.

Akamngoja. Mwezi wa kumi barua ilifika: “Nimepata kazi mu duka ya muzee Katsuva. Ni mutu wa huruma, amenipa chumba kwake. Vumilia.” Baada ya hapo, kimya. Lucienne hakumlaumu. Alilaumu barabara, alilaumu vizuizi, alilaumu askari wanaochana barua za watu. Mwishowe alipata nafasi kwenye ndege ndogo ya mizigo itakayoruka Jumamosi, akataka afike Beni na lile jina mkononi, Nathanaël alione kabla hajauliza swali lolote.

Jioni hiyo mama yake, Mama Bénédicte, aliliona wakati binti anasonga ugali.

— Ni nini hiyo?

— Jina, mama.

— Macho ninayo. Unataka watuue?

— Ni Bic tu.

— Na kesho kutwa?

— Kesho kutwa itakuwa ya kweli. Na Jumamosi, siku ya posho, naenda Beni.

Mama Bénédicte alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

— Usiende.

— Kwa nini?

— Njia ni mubaya.

— Naenda na ndege, mama. Ndege haina vizuizi.

Ugali ulipoiva, mama hakuumega. Chakula chake kilipoa mbele yake. Lucienne alidhani ni woga wa kubaki peke yake, kwa kuwa mama alikuwa mjane na yeye ndiye mtoto pekee. Akamwonea huruma.

Siku ya pili alikwenda kwenye foni kumwarifu Nathanaël kwamba anakuja. Simu za mkononi zilikuwa za wakubwa tu wakati ule. Watu wengine walitumia foni, redio kubwa ya mawasiliano iliyokaa kwenye chumba cha Mathieu karibu na soko. Ukisema lako unamaliza kwa “à vous”, unaachia kitufe, ndipo mwenzako ajibu. Siri haikuwepo, na ndiyo sababu Lucienne hakuwa ameitumia mpaka alipopata ndege. Waliongoja zamu kwenye benchi walisikia kila kitu.

— Beni, Beni, hapa Bunia, Mathieu aliita. Tunaomba Nathanaël wa kwa muzee Katsuva. À vous.

Walingoja aitwe kutoka dukani. Halafu ile sauti ikaja, nyembamba, ikipanda na kushuka.

— Nathanaël hapa. Nani anaongea? À vous.

— Ni Lucienne. À vous.

Redio ikavuma tupu. Mathieu aliigonga kwa kiganja, akidhani betri imekufa.

— Lucienne gani? À vous.

— Lucienne yako. Uko nao wangapi?

Watu wa benchi wakacheka. Lucienne naye akacheka.

— Siku ya posho nakuya na ndege. Ungoje kwa uwanja. À vous.

— Na bwana yako anajua? À vous.

— Bwana gani?

Akasahau kumaliza. Mathieu ndiye aliyesema “à vous” kwa niaba yake.

— Mwezi wa kumi na mbili mama yako aliniita hapa kwa foni. Alisema umeolewa kule Aru na mufanyabiashara mumoja. Alisema nikuache utulie. Nilimuuliza mara tatu, Lucienne. Mara tatu akasema ni kweli. À vous.

Kicheko kilikuwa kimekatika.

— Ni uongo. Sijaolewa. Nakungoja vile ulisema. À vous.

Redio ilivuma tena, na safari hii Mathieu hakuigonga.

— Mwezi wa kwanza nimeoa, sauti ilisema. Binti ya muzee Katsuva. Iko na mimba.

Hakusema à vous. Alisikika akivuta pumzi, kisha akaendelea.

— Niambie neno moya tu. Niambie nikuye, naacha vyote, nakuya kukuchukua. Sikukuacha kwa kupenda. Unasikia? À vous.

Lucienne alishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. Neno lilikuwa mdomoni, tamu, tayari. Lakini alimwona pia yule msichana asiyemjua, ameshika tumbo lake, na nje ya mlango mwanamume anafunga suruali yake moja na vitabu viwili, anatoka tena.

— Anakutendea vizuri? À vous.

— Ndiyo. Ni mutu muzuri. Hana kosa. À vous.

— Basi baki, Nathanaël. Lea mutoto. Usinitafute.

Aliinua uso akamwangalia Mathieu.

— Ni neno gani la kufunga?

— Terminé, Mathieu alijibu bila kumtazama.

— Terminé, Lucienne alisema, akaachia kitufe.

Alimkuta mama yake uani anachagua mawe kwenye maharagwe.

— Mama, nani ameolewa Aru?

Mikono ya Mama Bénédicte ilisimama.

— Nilijua utaenda kwa foni.

— Nijibu.

— Walikuya hapa mara mbili, weye uko sokoni. Vijana na bunduki, wageni, hawajui sura yako. Wanauliza binti gani wa hii nyumba anapenda mutu wa kule. Ilikuwa ile juma walimubeba Adeline. Unamukumbuka Adeline, nyumba ya tatu hapo? Kwa sababu bwana yake ni mutu wa kule. Mpaka leo hajarudi, hata nguo yake haikuonekana. Nikawaambia umeolewa Aru. Halafu nikafikiri, barua ya Nathanaël ikifika tena, siku moya watashika barua. Nikaenda kwa foni nimalize.

— Ungeniambia mimi.

— Ungekubali?

Wote wawili walijua jibu.

— Ulilala nyumba moya na mimi, alisema mwishowe. Miezi mbili unaniona nangoja barua. Unaniona naenda posta. Haukusema kitu.

— Kila siku nilitaka kusema.

— Umeniua, mama.

— Hapana. Adeline ndiye wameua. Weye uko hapa unanichukia. Nilichagua hii.

Siku ya tatu Antoine alikuwa amechemsha sindano na kukoroga masizi kwenye kifuniko cha chupa. Aliutazama uso wa Lucienne akauliza kilichotokea. Lucienne akamweleza kwa maneno machache.

— Na bado unataka?

— Nichome.

— Maumivu ya sindano inaisha. Jina haiishi, dada yangu.

— Ndiyo sababu naitaka. Kitu kimoya chake kibaki.

Antoine hakubishana. Alifuta mkono kwa kitambaa, akachovya sindano, akaigusisha kwenye N. Tone la damu likatoka, dogo kama kichwa cha kiberiti. Lucienne alilitazama. Akamfikiria mtu mwingine, siku zijazo, akimwuliza huyu Nathanaël ni nani, na yeye akijibu ni bwana wa mwanamke wa Beni.

Akauvuta mkono.

— Nipe sabuni.

Bic haitoki kwa mara moja. Alisugua juma zima, na jina likaondoka herufi moja moja. Ndege ya Jumamosi iliruka. Aliisikia akiwa anafua. Lucienne hakumsemesha mama yake tena. Walikula sahani moja, wakalala chumba kimoja, mwezi wa tatu, mwezi wa nne, bila neno.

Mwezi wa tano wanajeshi wa Uganda, waliokuwa wameushika mji tangu mwezi wa tatu, waliondoka, na makundi ya wenye bunduki yakaanza kuuana ndani ya mji. Risasi zilianza asubuhi, na wakaazi wakakimbilia upande wa uwanja wa ndege, palipokuwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Lucienne alibeba mkeka na sufuria. Katikati ya njia goti la Mama Bénédicte lilikataa. Akakaa ukingoni mwa barabara, watu wakimpita.

— Nenda, mutoto wangu. Nenda tu.

Lucienne alisimama. Alitupa mkeka, akatupa sufuria.

— Shika mukono yangu.

Wakafika hivyo, mmoja amemwegemea mwingine, wakapata nafasi chini ya turubai ya watu wasiowajua. Mtu mmoja aliwagawia ugali baridi kwenye jani. Mama Bénédicte hakuugusa.

— Umenisamehe?

Lucienne aliumega ugali vipande viwili, akampa kile kikubwa.

— Bado, mama. Kula kwanza.