Dakika Ishirini za Rubani Dunstan

Mwaka 1974, kila Jumanne tulianza siku kwa mchakamchaka, uji usio na sukari, na upelelezi. Mchakamchaka na uji vilikuwa amri ya shule yetu ya bweni pale Korogwe. Upelelezi ulikuwa kazi yangu mimi, Isihaka wa darasa la saba, na rafiki yangu Muhidini.

Mtuhumiwa wetu alikuwa rubani Dunstan, aliyeleta chanjo kwa ndege ndogo kutoka Handeni. Nilipima ramani kwa rula: kilomita sitini. Ndege ile huenda kilomita mia na themanini kwa saa. Basi safari ni dakika ishirini. Lakini daftari la muuguzi, Mama Hamisa, lilisema mengine: kuondoka Handeni saa nne kamili, kutua Korogwe saa nne na dakika arobaini. Jumanne tatu mfululizo!

"Anatua porini," Muhidini alininong'oneza. "Anapakia mahindi ya magendo."

"Na lile tabasamu lake?" nikasema kwa uzito wa hakimu. "Mtu mwema hatabasamu vile asubuhi."

Nikamwandikia Mwalimu Mkuu, Mwalimu Grasiana, barua ya kurasa mbili. Jumanne iliyofuata akamwita rubani ofisini. Sisi tukasimama pembeni, vifua mbele.

"Bwana Dunstan, dakika ishirini zinakwenda wapi? Usiponieleza, barua hii inakwenda wilayani, nao watakusimamisha kazi."

Rubani hakutabasamu. "Nafika kwa dakika ishirini, Mwalimu. Lakini upande wa mashariki wa kiwanja chenu cha ndege majani yamefunika mawe meupe ya mpakani. Sioni kiwanja kinapoishia. Nazunguka juu ya shamba la mkonge mpaka mlinzi asimame pale na kitambaa."

"Majani?" Mwalimu akafungua jalada. "Wanafunzi wangu ndio wanaofyeka kiwanja. Ripoti ya kila Ijumaa inasema upande huo umefyekwa wote. Imesainiwa na Isihaka." Akavua miwani. "Mmoja wenu anadanganya. Saa kumi nitakwenda kuangalia mwenyewe."

Muhidini akaanza kukagua dari. Kila Ijumaa, badala ya kufyeka upande huo tuliopangiwa, mimi naye tulijilaza kwenye shamba la mkonge tukichoma mihogo.

Tulipotoka alinivuta shati. "Tukikimbia sasa na mafyekeo, saa kumi itakuta pako safi. Nani atajua?"

Nikapiga hesabu. Ilikubali kabisa. Tungeokoka, na rubani angeonekana mwongo.

Rubani alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini. "Kijana," aliniita, "hesabu yako ni nzuri. Nani alikufundisha?"

 Nikageuka, nikarudi ofisini.

"Mwalimu, mwongo ni mimi."

"Na mimi nusu," Muhidini akasema nyuma yangu.

Mwalimu aliichana barua. Akatupeleka kwa rubani tukamwomba radhi, kisha akatukabidhi mafyekeo. Tulifyeka kiwanja kizima kwa siku tatu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jumanne iliyofuata ndege ilitua saa nne na dakika ishirini na mbili.

Mwalimu Grasiana alisimama nasi ukingoni mwa kiwanja.

"Hesabu yako ilikuwa sahihi, Isihaka," alisema. "Lakini ulimshuku kila mtu isipokuwa wewe mwenyewe. Saini yako ya uongo ilitaka kumfukuzisha kazi mtu mwaminifu. Siku nyingine ukiona jambo limekwenda kombo, kagua kwanza sehemu yako ya kazi, ndipo uchukue kalamu kumshtaki mwenzako."