Mikono Myeusi Ukutani

Danford na mkewe Hilaria wanaishi mtaa wa Nsemulwa, katika nyumba ya mwisho kabla ya vilima. Danford ana pikapu. Hubeba mahindi kutoka Katumba na kuyaleta sokoni Kashaulili. Hilaria anafuga kuku, na mahindi yao wenyewe huyaanika nyuma ya jiko.

Mwaka huu, wakati wa mvua, walimzika mtoto wao wa pekee, Elias. Malaria ilimchukua kabla hajatimiza miaka mitatu. Tangu hapo nyumba ilipoa. Mume na mke waliongea kwa sauti ya chini, kama watu wenye mgonjwa ndani.

Jumapili moja walirudi kutoka kanisani. Hilaria alizunguka nyuma kuangalia mahindi yake, akasimama ghafla. Kwenye ukuta mweupe, chini ya dirisha la chumbani, palikuwa na alama ya mkono. Ulikuwa mkono mdogo, mweusi, wenye vidole vitano. Juu yake palikuwa na mwingine, na mwingine. Mikono ilipanda mpaka dirishani, mahali ambapo hakuna mtoto anayefika.

Danford alisema ni masizi, labda watoto wa jirani wamecheza. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Hilaria alipangusa kwa kitambaa. Masizi hufutika. Hii ilitanuka tu, ikang'aa.

Siku zilizofuata mikono iliongezeka. Ilionekana kwenye mlango wa jiko, kisha kwenye mfuniko wa ndoo ya maji. Kila mara ilitokea wakati nyumba haina mtu. Mchana mmoja Hilaria alirudi kutoka kisimani, akakuta mkono juu ya shuka, upande ule aliokuwa akilala Elias. Vidole vilikuwa vyembamba sana. Elias alikonda hivyo hivyo siku zake za mwisho.

Hilaria hakupiga kelele. Aliketi, akaweka kiganja chake karibu na alama ile bila kuigusa. Aliogopa. Lakini ndani ya hofu kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Alitamani mkono ule uwe wa mwanawe.

Shangazi yake Danford, Restituta, alikuja akaona. Alisema mtoto hajapumzika, kuna mtu anamsumbua. Alitaka mganga aitwe amtaje mtu huyo, na wao wahame. Tayari majirani walianza kumtazama vibaya bibi mmoja mjane wa mtaa ule. Danford hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, lakini alianza kufunga vyombo.

Hilaria alikwenda kumuaga jirani yao, Bernadetha, mama wa makamo aliyewahi kuendesha lori la tumbaku. Bernadetha alisikiliza bila kucheka, akaomba kuonyeshwa. Alisogeza pua ukutani, akanusa.

"Mama Elias, hii ni oili chafu ya gari," alisema taratibu. "Baba Elias, umebadilisha oili lini?"

Danford alijibu kwamba aliibadilisha mwenyewe hapo nyumbani, siku moja kabla ya mikono kuonekana. Nyingine ilimwagika ikalowa ardhini. Iliyobaki aliiacha kwenye karai nyuma ya jiko, akipanga kupaka nguzo za uzio ili mchwa wasizile. Yeye na mkewe hawakuishtukia harufu ya ukutani, kwa sababu nguo zake hunuka oili kila siku.

Karai lilikuwa palepale, wazi, chini ya uzio. Ukingoni palikuwa na manyoya ya kijivu. Bernadetha aliwaambia wajifiche jikoni na wanyamaze.

Walisubiri. Upepo ulikoma. Bati likalia juu yao, polepole, kama mtu anatembea kwa ncha za vidole. Kisha tumbili alishuka uwanjani na mwanawe. Walipita juu ya karai, mikono ikazama kwenye oili, wakachota mahindi. Yule mdogo akaparamia ukuta mpaka kwenye dirisha la chumbani lililokuwa wazi, akaingia na kutoka. Kila aliposhika, aliacha mkono wa mtoto.

Hilaria alilia. Tangu mazishi hakuwahi kulia mbele ya mumewe.

"Sio yeye," alisema.

"Sio yeye," Danford alimjibu. "Mtoto wetu amepumzika."

Bernadetha alimwacha Hilaria kwanza afute machozi. Kisha akasema, "Kubadilishia nyumbani si kosa. Kosa ni kuiacha oili wazi. Kuku akiinywa atakufa. Ukiimwaga au ukipaka nguzo, inaingia udongoni, na mvua inaipeleka kisimani."

Siku hiyo hiyo waliimimina ile ya kwenye karai ndani ya dumu, wakalifunga. Palipolowa walimwaga vumbi la mbao. Liliponyonya, walilizoa pamoja na udongo mweusi, wakatia kwenye mfuko.

Muda wa kubadilisha tena ulipofika, Bernadetha alisimama pembeni akiwaelekeza. Danford aliegesha pikapu mahali tambarare, akavuta breki ya mkono na kuweka mawe kwenye matairi. Aliwasha injini kidogo ili oili ilainike, akaizima, akasubiri isiwe ya kuunguza. Chini walitandika nailoni, juu yake maboksi, kisha karai pana. Danford alivaa glavu. Nati ya chini ya injini aliilegeza kwa spana, akamalizia kwa vidole huku akiisukuma juu, ili oili isiruke. Ilishuka yote karaini. Filta ya zamani, ile inayochuja oili, aliifungua akaiinamisha humo mpaka ikaacha kudondosha. Aliweka filta mpya, akakaza nati, kisha akajaza oili mpya kwa faneli na kuipima kwa kijiti cha kupimia cha injini.

Hilaria ndiye aliyemimina ile chafu kwenye dumu. Alikaza mfuniko, akaandika OILI CHAFU. Danford alilipeleka, pamoja na lile la kwanza na mfuko, kwenye gereji wanakokusanya oili. Ardhi ilibaki safi.

Hawakuhama, na mganga hakuitwa. Hilaria alikwenda mwenyewe kwa yule bibi mjane, akamweleza yote, wakanywa uji pamoja. Danford alipaka ukuta chokaa mpya.

Tumbili bado wanakuja wakati wa kuanika mahindi. Wanapanda ukuta, na ukuta unabaki mweupe. Hilaria huwafukuza kwa kupiga makofi, kama mtu yeyote anavyofukuza tumbili.